Loire kwa baiskeli: njia nyota tano, waliotukodisha bado nawafikiria

Kwanza nimpe haki yake yule kijana wa gari jeupe, fundi wa kampuni iliyotukodisha baiskeli: mikono anayo. Alichomoa gurudumu la nyuma, akavua tairi, akaweka tyubu mpya na kurudisha kila kitu mahali pake kabla Baba Salma hajamaliza tofaa alilokuwa anatafuna. Fundi ni fundi. Kilichomwangusha ni mdomo. Alipokwisha kufunga mlango wa nyuma wa gari alitugeukia, akatuambia kwa Kiingereza, neno moja moja: kumbukeni, huku Ufaransa watu wanaendesha upande wa kulia.

Tulikuwa na pancha. Upande wa kulia unaingiaje kwenye pancha?

Mimi nimezaliwa Tanga, mji ambao mwanamke anapita na baibui lake juu ya baiskeli, mzigo kwenye keria, na hakuna anayegeuza shingo. Sasa miaka mingi naishi Brussels, ambako nako watu wanaendesha kulia, na Kifaransa ndicho ninachoshinda nacho kazini kutwa. Nilimsalimia kwa Kifaransa, akaitikia kwa Kiingereza. Nikamweleza tatizo kwa Kifaransa, akaniuliza kwa Kiingereza kama ni mara yangu ya kwanza kupanda baiskeli. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kubabaisha, lakini alikishikilia hivyo hivyo. Kila nikilikumbuka lile natamani nianze upya kuandika hapa kwa matusi.

Kampuni siitaji. Nikiitaja nitaambiwa nina chuki binafsi, na kweli ninayo.

Mpango wetu ulikuwa kufuata mto Loire kutoka Orléans mpaka Tours, polepole, bila kushindana na mtu. Wao wanakupa baiskeli mji mmoja, unaiacha mji mwingine, na mabegi wanayatanguliza mnakolala. Bei na aina za baiskeli mtajiangalizia wenyewe. Sisi tulichukua za kawaida, zisizo na umeme, kwa sababu Baba Salma aliapa kwamba bonde lote ni tambarare. Kwa sehemu kubwa hakukosea, ukiacha vilima vya kuelekea Amboise ambako alishuka akasukuma huku akinieleza kwamba anapiga picha.

Njia yenyewe ni ya bure. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililokuja kunichoma: yale yaliyotufurahisha hatukuyalipia hata senti, na tulichokilipia ndicho kilichotutoa machozi. La Loire à Vélo, ndilo jina la njia hii, inaanzia karibu na Nevers na kuishia baharini Saint-Brevin-les-Pins, kama kilomita 900, tena ni kipande tu cha EuroVelo 6, njia ndefu ya baiskeli ya Ulaya inayokwenda mpaka Bahari Nyeusi. Vibao viko kila penye njia panda. Ramani tuliyouziwa haikutoka kwenye begi.

Sehemu nyingi unaendesha juu ya tuta. Upande mmoja mto, upande wa pili mashamba, na nyumba ziko chini yako kiasi kwamba unaona mapaa na kamba za nguo za watu kabla ya kuona milango yao. Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, lakini wakati wa joto unajaa visiwa vya mchanga, maji yanajipenyeza katikati, na mgeni anaweza kudhani umekata roho. Asidanganyike. Matuta yale yamekuwa yakijengwa na kuinuliwa tangu enzi za kati kwa sababu mto huo ukifura hauombi ruhusa.

Kipeperushi hakikusema neno juu ya upepo. Mara nyingi unatoka baharini, upande wa magharibi, kwa hiyo anayeshuka na mto kutoka Orléans anaupokea kifuani. Hakikusema pia juu ya minara miwili mikubwa ya kinu cha nyuklia cha Saint-Laurent, kati ya Beaugency na Blois, inayofuka mvuke juu ya mandhari ya wafalme. Mimi minara haikunikera, ila ningependa kuambiwa.

Siku hizo za mwanzo, nakiri, ningewapa hawa watu nyota tano bila kupepesa. Beaugency tulilala karibu na daraja la zamani, begi likiwa limefika kabla yetu. Saint-Dyé tulikula mkate na jibini kwenye gati lile lile ambako mawe ya kujengea jumba la kifalme la Chambord yalikuwa yakishushwa kutoka mashuani. Halafu Chambord kwenyewe: unaingia kwenye msitu uliozungushiwa ukuta wa kilomita 32, unakanyaga pedeli kivulini, unafikiri umepotea, mara jumba lile linasimama mbele yako na mabomba yake ya moshi utadhani ni mji mzima umewekwa juu ya paa. François wa Kwanza alianza kulijenga mwaka 1519, akatawala hadi 1547, na humo ndani alilala wiki chache tu. Baba Salma akasema, "Mama Salma, huyu alikuwa na kiwanja Bagamoyo." Nilicheka mpaka ikabidi nishuke. Zile ngazi mbili zilizosokotana, anayepanda na anayeshuka wanaonana kwenye madirisha bila kukutana, tulizipanda zaidi ya ilivyo lazima.

Basi. Tukalala Blois, asubuhi tukavuka mto, tukapita Chaumont, na baada ya hapo, kwenye mizabibu, gurudumu langu la nyuma likaanza kuburuza.

Nieleze hapa kwa kirefu maana ndipo penye kesi. Chini ya kiti kulikuwa na kifuko chao cha dharura, chenye nembo yao, kimefungwa vizuri. Nikageuza baiskeli juu chini, nikavua tairi kwa vile vijiti vya plastiki, nikapitisha kidole ndani, taratibu, nikaukuta mwiba, mweusi, umejificha hata kwa nje huuoni. Nikautoa. Viraka vipo. Kichupa cha gundi kipo. Nikakikamua: gundi imekauka, haitoki hata tone. Nikasema si kitu, nijaze upepo tuone tutafika wapi. Tyubu ilikuwa na vali nyembamba, zile ndefu zenye kichwa kidogo cha kulegeza. Pampu waliyotuwekea ilikuwa ya vali nene, kama ya tairi la gari. Haviingiliani hata ukivipigia magoti. Maana yake kuna mtu, kwenye ofisi yenye kiyoyozi, aliyefunga zipu ya kifuko kile bila kujaribu kitu hata kimoja, na akakiita kifuko cha dharura.

Wakapita mzee na mkewe, Waholanzi, wakasimama wenyewe bila kuitwa. Pampu walikuwa nayo, ya vali zote mbili. Gundi hawakuwa nayo. Tulijaza, tukaisikia ikitoa upepo wote kabla hatujapanda. Wakatuachia matofaa.

Nikapiga namba ya msaada wa njiani. Ilikuwa imepita saa sita kidogo. Mwenye kujua Ufaransa ameshajua kinachofuata. Dada aliyepokea alinisikiliza, akaniambia kwa sauti nzuri kabisa kwamba fundi yuko mezani, atatoka baada ya saa nane. Sina ugomvi na chakula cha mchana. Nawaheshimu Wafaransa kwa hilo, na hata mikahawani ukifika saa nane na nusu jiko limeshafungwa, unapewa kahawa na pole. Lakini kama msaada wako una saa ya kula, basi andika kwenye karatasi kwamba pancha zipatikane nje ya muda wa mlo.

Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Kijana akafika karibu na saa kumi, kapoa, gari linanguruma baridi, na yaliyotokea nimekwisha kuyaeleza. Kasoro moja tu. Baada ya somo la upande wa kulia alitoa mashine ya kadi. Kumbe kwenye masharti yao msaada ni wa hitilafu ya baiskeli, na pancha haihesabiwi kuwa hitilafu. Tyubu unalipia, na safari ya fundi unalipia. Nikamwuliza, kwa Kifaransa: mnakodisha kitu chenye magurudumu mawili ya upepo, sasa mlikuwa mnategemea kiharibike nini? Kengele? Akajibu kwa Kiingereza kwamba yeye hapangi bei.

Hapo kweli hapangi. Baba Salma akalipa, maana mimi nilikuwa nimeshamgeuzia mgongo.

Amboise ikaharibika kwa sababu hiyo. Mji mzuri, wa mawe meupe, na pale kwenye nyumba ya Clos Lucé ndipo Leonardo da Vinci alipomalizia maisha yake, alikuja 1516 akafa 1519. Nimetamani kupaona tangu niko sekondari. Kuna mashine zake zilizoundwa kufuata michoro, magurudumu, meno, mikono ya kuzungusha, watoto wa watu wanazifurahia, na mimi nimesimama mbele yake nafikiria vali. Kuna hata mchoro wa baiskeli unaosemekana ni wa kwake, wataalamu wengi wanasema umeghushiwa na wa baadaye. Nikawaza, kama ungekuwa wa kweli, mzee yule angekumbuka kuweka na pampu inayoingia.

Hapo ningeishia na nyota moja, na ndivyo nilivyoandika kwanza. Lakini nimefuta, kwa sababu Tours palinitatiza.

Kaunta ya Tours alikaa mama wa makamo. Nilimwanzia kwa ukali, kwa Kifaransa, naye akanijibu kwa Kifaransa, jambo ambalo karibu linilize. Alichukua kile kifuko, akakamua gundi mwenyewe, akaingiza pampu kwenye vali ya baiskeli yangu, ikagoma, akatikisa kichwa. Akaenda nyuma akarudi na vifuko vingine, naye akavijaribu mbele yetu. Kulikuwa na vingine vya namna hiyo hiyo. Akaviweka pembeni vyote. Pesa za tyubu akasema hawezi kuzirudisha yeye, ataandika makao makuu. Kwa sasa akatupa karatasi ya punguzo la safari ijayo.

Safari ijayo! Mtu analalamika kwamba chakula kina nywele, unampa sahani ya pili.

Makao makuu hawajaandika. Au wameandika na barua imekwenda kwa Kiingereza kwa mtu mwingine, sijui. Tatizo ni kwamba mama yule alinilainisha, na yule kijana kila nikimkumbuka nakakamaa, kwa hiyo nyota zinapanda na kushuka. Leo ni mbili. Jana usiku zilikuwa tatu na nusu, baada ya kuangalia picha za Chambord.

Kwa wanaotaka kwenda, nendeni. Mkitaka kulala, tafuteni penye kibao cha Accueil Vélo: ni nyumba na hoteli zilizo karibu na njia, na kwa sharti la kibao hicho zinakuwa na mahali salama pa kuweka baiskeli pamoja na vifaa vya kutengenezea. Amboise tulipolala walikuwa na gundi mbichi. Treni za mkoa zinabeba baiskeli, ila majira ya joto baadhi yake zinataka uweke nafasi ya baiskeli mapema, msije mkaachwa stesheni.

Na Baba Salma, huyu mtu sijui ana moyo gani, ameshaanza kuangalia kipande cha Nantes kuja Angers, safari hii upepo ukiwa mgongoni. Waliokubali kukuachia baiskeli mji mmoja na kuipokea mwingine si wengi, na punguzo tunalo. Nimemwambia sawa, ila simu nitapiga mimi, kabla ya saa sita, na pampu natoka nayo Brussels.