TAHADHARI: ukitafuta draiva ya printa ukute "fundi" anakungoja, toka mbio

Jamani nimekaa na hii kitu siku tatu nikisikia aibu lakini wacha niseme tu. Mimi mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, mtu wa kuwaambia watu kila siku wasibonyeze linki za ovyo, nimeibiwa nikiwa kwa kiti changu, kwa mashine yangu, na mwizi nikamwambia asante.

Ilikuwa tarehe 28 Juni. Mnajua vile siku za mwisho za retani za kodi huwa hapa Umoja, Nairobi, foleni imefika kwa ngazi, kila mtu amekumbuka KRA, wale watu wa kodi, siku moja. Printa ikagoma. Nikaandika jina lake kwa Google na neno draiva, ile programu ya kufanya kompyuta ielewane na printa, nikabonyeza ya kwanza kabisa, ile ya tangazo, hata sikuangalia ni ya nani. Ukurasa safi, nembo ya printa iko. Ikaanza kupakua, ikafika nusu ikaleta maandishi mekundu ati imeshindikana, ongea na fundi wetu, na kisanduku cha chati kikafunguka chenyewe. Nikaandika modeli ya printa na namba yangu ya simu. Mimi mwenyewe!

Dakika mbili hazijaisha simu inalia. Kijana mpole, Kiswahili cha hapa hapa Nairobi, si wale wa Kiingereza cha puani tungewashuku haraka. Ananiita mama. Modeli ya printa anaijua (sasa najua aliijuaje). Na ile kitu ilinimaliza kabisa, aliniambia "mama, usiwahi kupea mtu PIN yako ya M-Pesa, hata mimi usinipe." Mtu akikuambia hivyo utamshuku aje?

Akanipakulisha kaprogramu ka kumwezesha kuona skrini, nikamsomea namba zilizotokea pale, mausi ikaanza kutembea pekee yake. Akaniambia nibonyeze kitufe cha Windows na R niandike eventvwr. Weeh! Alama nyekundu na za njano mamia kwa mamia, anashuka nazo polepole ili nizione vizuri. "Mama, hivi vyote ni virusi." Halafu akafungua lile dirisha jeusi, akaandika netstat, namba zikaanza kushuka, akaweka mausi juu ya pale pameandikwa Foreign Address akasema hao ni watu wa ng'ambo na sai wako ndani ya mashine yako wanasoma PIN za KRA za kastoma wako. Nikageuka, kastoma wote wananiangalia mimi. Jasho hadi kwa miguu.

Kinga ya mwaka mmoja ni 6,500. Akanipa namba ya Lipa na M-Pesa, jina likatokea la duka la nguo, nikauliza, akasema ni la ajenti wao, nikalipa. Akaweka programu yake, ikazunguka ikafika 100%, rangi ya kijani, nikasema asante baba ubarikiwe. Akasema nizime niwashe. Kuwasha, skrini yote buluu na picha ya kufuli, ati laiseni haijakamilika, ongeza 14,000. Nikampigia, ile upole imeisha kabisa, "we mama lipa ama faili zote ziende." Hapo ndio nikang'oa waya ya stima.

Kijana wa dada yangu alikuja jioni na laptopu yake mpya, hata wiki mbili haina, akaandika eventvwr, nyekundu ziko kibao. Kumbe kila kompyuta ya Windows hujiandikia hayo makosa madogo madogo, na hiyo Foreign Address ni upande wa pili wa laini tu, hata ukifungua Google iko. Kile hakikuwa mchezo ni alichoweka yeye, ile ya kufunga skrini pamoja na ile ya kushika mashine kwa mbali, ameipanga iwe inajiwasha kila nikiwasha mashine. Na printa? Kebo ya USB ilikuwa imechomoka nyuma. Nililia.

Nikatuma meseji 456, ile namba ya M-Pesa ya kuomba pesa irudishwe, pesa ilishatolewa. Nikaenda polisi, afande akaniuliza "lakini mama, si wewe ndio ulimfungulia mlango?" Nikakosa jibu. Huyo mkora ashikwe! Sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta inasema kuingia mashine ya mtu bila ruhusa ni faini hadi milioni 5 ama miaka 3 ama vyote viwili. Miaka 3 ni kidogo, huyo akae ndani hadi hizo printa ziishe duniani, na mwenye hiyo namba ya duka la nguo afungwe naye.

Dalili zilikuwepo jamani, ile tangazo juu, fundi kutokea kabla hujamwita, jina la malipo lisiloingiana. Na hata Microsoft wenyewe ujumbe wao wa makosa hauwekwi namba ya simu, ukiona namba kwa skrini ni wakora.

Kastoma wangu mlioniletea retani tarehe 27 na 28, badilisheni paswedi ya iTax, ile tovuti ya KRA ya retani, na ya imeli leo, kwa simu yenu, si kwa mashine yangu. Na tafadhali mkija saiba msiniulize mbele ya watu.