Temeraire: majoka katika vita vya Napoleon

Mfululizo huu wa Naomi Novik una vitabu 9, vya 2006 hadi 2016. Joka hapa ni kama manowari: huvalishwa mikanda ya ngozi, askari hujifunga kwa kulabu, walio mgongoni hupiga bunduki, wa tumboni hudondosha mabomu.

Angalizo kwa anayeagiza: kitabu cha kwanza kinaitwa Temeraire Uingereza na His Majesty's Dragon Marekani. Usipotazama, utanunua hadithi ileile mara mbili.

Kwetu Bagamoyo, mji wa misafara ya pembe na watumwa, kinachogusa kuliko vyote ni cha 4, Empire of Ivory. Majoka ya Kiingereza yanaugua, dawa yake ni uyoga wa kusini mwa Afrika. Huko Watswana huamini joka ni mzee wa ukoo aliyezaliwa upya, na kutoka Mosi-oa-Tunya, yaani Maporomoko ya Victoria, majoka yao yanazivamia bandari za watumwa. Hasira yao imeandikwa kwa heshima kubwa.

Cha 6, cha Australia, kinajikokota mno. Vumilia tu, maana katika cha 7 Watswana wanatokea tena, Rio nchini Brazil, wakidai watu wao waliotekwa utumwani.