Chensoo ya kazi: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Anayeanza kazi ya kukata miti kwa malipo, awe anaangusha misindano na milingoti ya wenye mashamba Mufindi na Njombe au anapunguza miembe iliyolalia mabati mjini, akifika dukani kununua chensoo, yaani msumeno wa mnyororo wa injini, huuliza, "Ipi ina nguvu zaidi?" Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mashine nzito kuliko kazi yako inakuchosha kabla ya saa sita, na mkono uliochoka haushiki vizuri. Tumezipanga kwa kuangalia ukubwa wa mti unaoukata, upatikanaji wa spea karibu na unapofanyia kazi, na breki ya mnyororo. Bei tumeiangalia mwisho.

Kabla hujagusa mashine yoyote, toa kwanza pesa ya suruali ya kinga. Ndani yake kuna tabaka za nyuzi ndefu. Mnyororo ukigusa kitambaa, nyuzi zinavutwa nje, zinajisokota kwenye sproketi na kuisimamisha. Suruali ya daraja la 1 imepimwa kwa mnyororo unaokimbia mita 20 kwa sekunde, daraja la 2 mita 24. Ya daraja la 1 inayokinga mbele tu inamtosha anayefanya kazi chini. Anayepanda mti anahitaji inayozunguka mguu wote. Ikishakatwa na mnyororo hata mara moja, usiishone, nunua nyingine, maana nyuzi zilizovutika hazirudi. Ongeza helmeti yenye wavu wa uso na vizuia sauti, kwa sababu chensoo inapita desibeli 100 na sikio linaanza kuumia kwenye 85. Pesa ikibana, punguza kwenye mashine, usipunguze hapa.

Namba moja: Stihl MS 382 au Husqvarna 365

Kwa mwenye uwezo wa kununua mashine moja tu ya kazi ya kila siku, hizi ndizo. MS 382 ina cc 72.2, kilowati 3.9 na uzito wa kilo 6.2 bila upanga (bamba refu la chuma linalobeba mnyororo) na mnyororo wenyewe. Husqvarna 365 ya sasa ina cc 70.7, kilowati 3.6 na kilo 6.4. Kuchagua kati ya hizo mbili ni suala la spea: muulize mwenye duka akuonyeshe kwa macho sproketi, springi ya kuwashia, dayaframu za kabureta na mnyororo wa akiba. Akisema "tutaagiza", nenda kwa yule mwenye nyingine.

Chukua upanga wa inchi 20. Mlingoti wa sentimita 80 unakatika kwa kuingia pande mbili, na huhitaji upanga wa inchi 30 kwa ajili ya mti mmoja kwa mwezi. Upanga mrefu unaelemea mbele, unahitaji oili nyingi zaidi, na ncha yake unashindwa kuiona. Robo ya juu ya ncha hiyo ikigusa tawi au gogo la pili, mashine inarushwa kuelekea usoni kabla hujafumba jicho.

Breki ijaribu palepale dukani. Weka mashine chini, mguu wa kulia ndani ya mshikio wa nyuma, iwashe, ipe moto (bonyeza akseli), kisha sukuma kinga ya mbele kwa kifundo cha mkono wa kushoto bila kuachia mshikio. Mnyororo usimame papo hapo. Ukiendelea kuzunguka hata kidogo, hiyo mashine haitoki nawe.

Namba mbili: Stihl MS 250

Ina cc 45.4, kilowati 2.3 na kilo 4.6. Kwa anayefanya kazi mjini, anayekata matawi yaliyokwisha kushushwa na misindano ya sentimita 30, hii ipande iwe namba moja. Funga upanga wa inchi 16. Haikutengenezwa kwa kuangusha milingoti minene kutwa nzima. Ukiilazimisha, klachi inaungua na mwili wake wa plastiki unaumia kwa joto. Mnyororo wake ni wa .325 (kipimo cha nafasi ya viungo vyake kwa inchi), hivyo tupa ya kuunolea ni ya milimita 4.8. Mwenye kutumia tupa ya MS 382, ambayo ni ya 5.2, anaharibu meno na kulaumu mashine.

Namba tatu: iliyokwisha kutumika, lakini ikaguliwe

Stihl MS 381 au Husqvarna iliyotunzwa ni bora kuliko mpya isiyojulikana. Ikiwa imezimwa, inyanyue kwa kushika kamba ya kuwashia peke yake. Injini nzima inateremka polepole kwa hatua hatua. Iliyochoka inashuka moja kwa moja kama ndoo kisimani. Kisha omba kufungua ekzosi, ni bolti chache tu. Chungulia pistoni kwa tochi. Ikiwa laini na inang'aa, sawa. Ukiona michirizi ya wima kama iliyokwanguliwa na msumari, mashine hiyo iliendeshwa kwa petroli bila oili, au kwa mchanganyiko mwembamba (hewa nyingi, petroli kidogo), na muuzaji anajua. Achana nayo hata kama inawaka.

Namba nne: ya kupandia mti

Stihl MS 201 T (cc 35.2, kilo 3.7) au Husqvarna T435 (kilo 3.4) zina mshikio juu. Hazikushuka hadi hapa kwa ubaya. Ni mashine za pili, za fundi aliyefundishwa kupanda, na chini zinamshawishi mtu kukata kwa mkono mmoja. Anayezitumia juu ajifunge sehemu mbili: kamba kuu, na mkanda wa kuzungushia shina wenye waya wa chuma ndani. Kamba ya kawaida peke yake mnyororo unaikata mara moja.

Namba tano: zile za bei nafuu zenye namba 5200 na 5800

Mkulima anayekata kuni Jumamosi zitamfaa. Kwa kazi ya kila siku, kinachokufa kwanza ni kifaa cha kuwashia, halafu pampu ya oili ya mnyororo, halafu raba za kuzuia mtetemo. Cc zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni kubwa kuliko za kweli. Ukinunua, tupa mnyororo uliokuja nayo, funga mzuri, na kaza bolti zote baada ya tangi la kwanza.

Usinunue kwa kuangusha: Stihl 070

Tunajua inapendwa. Ina karibu cc 106, kilowati 4.8, na kwa kupasua mbao porini imelisha familia nyingi. Lakini ina zaidi ya kilo 10 na haina breki ya mnyororo. Ikirushwa, hakuna kitu kati ya mnyororo na shingo yako. Nyingi zinazouzwa kwa namba hiyo ni za kuiga. Hata kwenye kupasua, mnyororo wake wa .404 unakula karibu sentimita moja ya gogo kila pasuo.

Kuhusu feki, maandishi "China" si ushahidi, kwani Stihl wana kiwanda chao huko. Angalia namba ya mashine iliyogongwa kwenye mwili wa injini, si stika tu, na usome viungo vya chini vya mnyororo: wa kwao una jina limegongwa kwenye chuma. Nunua kwa wakala anayeandika namba hiyo kwenye risiti.

Ukishafika nayo nyumbani, mchanganyiko ni 50 kwa 1: mililita 20 za oili nzuri ya 2T (ya injini za kuchanganya oili na petroli) kwa lita moja ya petroli, mililita 100 kwa lita 5. Pima kwa chombo chenye mistari, si kwa kizibo. Uliokaa zaidi ya mwezi usiutumie. Kwenye tangi la mnyororo usiweke oili chafu iliyomwagwa gereji; ina vumbi la chuma linalokula pampu na upanga. Kujua kama oili inatoka, elekeza ncha kwenye gogo jeupe na upandishe moto: lazima uone mstari wa matone.

Mashine yenye kabureta ya skrubu iliyorekebishwa Dar es Salaam ikipanda Mafinga, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, itatoa moshi na kukosa nguvu, kwa sababu hewa ni nyepesi na petroli inazidi. Fundi wa huko atapunguza petroli na itakaa sawa. Siku ukiishusha pwani, irekebishe tena kabla ya kukata mti wa kwanza. Mpangilio wa Mafinga pwani ni mwembamba, na pistoni inaweza kuungua siku hiyohiyo.