Kliniki ya ubongo na neva, Kampala: daktari anayetazama kwanza

Nawaandikia wenye wazee wanaotetemeka, maana huku Mukono tuko wengi na hatuambiani pa kwenda.

Baba aliendesha malori ya mizigo kati ya Mombasa na Kampala hadi alipostaafu. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka akiwa ameupumzisha pajani. Hospitali ya kwanza ikasema ni kiharusi chepesi, ikampa vidonge vya presha. Majirani nao wakanong'ona kuhusu obuko, maradhi ambayo Waganda husema humpata aliyevunja mwiko wa ukwe. Mama aliacha kwenda harusini kwa sababu ya maneno hayo.

Daktari wa kliniki hii ni mama wa makamo. Sehemu kubwa ya kazi yake ameitumia kutafiti Parkinson na magonjwa mengine ya mwendo wa mwili, na utafiti huo unaonekana tangu mgonjwa anapoingia mlangoni. Hakugusa kalamu. Alimtazama Baba akitembea koridoni, akaona mkono wa kulia haupepei kama wa kushoto. Akamwambia, "Mzee wangu, gonganisha kidole gumba na cha shahada, haraka haraka." Akamwandikisha sentensi, na herufi zikawa zinapungua ukubwa kadiri mstari ulivyosonga. Akakikunja na kukinyoosha kiwiko chake, kikawa kinakwenda kwa kukwamakwama. Mwisho akasimama nyuma yake na kumvuta mabega aone kama atayumba.

Kisha akamgeukia Mama: je, mzee hupiga kelele na mateke usingizini? Bado anasikia harufu ya kahawa? Mama alishangaa, kwani mateke hayo ameyavumilia miaka mingi, na harufu Baba aliipoteza kabla hata ya kutetemeka. Daktari akatueleza kwamba dalili hizo zinaweza kutangulia mtetemeko kwa miaka, na kwamba ugonjwa huu wa Parkinson alio nao Baba hutambuliwa hasa kwa kumchunguza mgonjwa. Hakutuagiza kipimo cha damu wala picha ya kichwa. James Parkinson, aliyeueleza mwaka 1817, aliandika juu ya watu sita tu, na baadhi yao aliwaona barabarani London. Halafu daktari akamwambia Mama waziwazi: chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea, zinakufa, na hakuna mwiko wowote uliovunjwa. Kwa jibu hilo peke yake ningelipa tena.

Baba alianzishiwa levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, iliyochanganywa na karbidopa, nusu kidonge kwanza. Nilipouliza kwa nini kidogo hivyo, daktari alinieleza habari za mtafiti George Cotzias, ambaye mwaka 1967 huko Marekani alionyesha kuwa dozi ikipandishwa polepole wagonjwa hufaidika sana. Karbidopa huizuia levodopa isigeuzwe kabla ya kufika ubongoni, na kichefuchefu hupungua. Tukapangiwa saa pia: kidonge nusu saa kabla ya kula, kwa sababu protini hushindana nacho. Maharage na sosi ya karanga Baba sasa anavila jioni zaidi. Anafunga vifungo vya shati mwenyewe, ingawa saa za mwisho kabla ya dozi inayofuata bado ni ngumu.

Shangazi alikuwa ameleta unga wa mbegu za upupu kutoka sokoni. Daktari hakumdharau. Alikubali kwamba upupu una levodopa ya kweli, ila katika unga ule hakuna ajuaye ni kiasi gani, kwa hiyo usichanganywe na vidonge.

Kasoro zipo. Foleni ni ndefu, na ada si ya mtu wa kipato kidogo. Dawa yenyewe huadimika madukani, na hilo linanikasirisha, kwani levodopa yenye karbidopa imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na mgonjwa hapaswi kuiacha ghafla. Nunueni ya akiba mapema.

Mkienda, mpelekeni mzee pamoja na anayelala naye chumba kimoja. Bebeni dawa zote anazotumia, hata za kichefuchefu, kwa sababu baadhi yake, kama metoklopramidi, huleta dalili hizihizi. Na mrekodini kwa simu katika saa zake mbaya. Daktari huitazama video yote hadi mwisho.