Tahadhari: Kelele za boneti na "injini ya Japani" mjini Kampala

Wenzangu mnaoendesha magari ya zamani hapa Kampala, na hasa nyinyi mnaoingia kupitia Malaba, Busia au Mutukula mkiwa na safari ya kuendelea: kuna jamaa anashinda kwenye barabara zinazozunguka Soko la Kisekka, upande wa Old Kampala, akijifanya fundi wa duka la injini. Si fundi, na duka analolionyesha kwa kidole si lake. Anachofanya ni kuvizia gari lenye kelele, kutangaza kwamba injini imenoki, yaani beringi zake za ndani zimelika na inagonga, kisha kukuuzia injini "iliyotoka Japani" na kudai arbuni palepale. Kwangu alitaja shilingi milioni tatu na laki nane za Uganda, akataka milioni moja mkononi kabla jua halijazama. Hakuipata, lakini nawajua waliompa.

Soko lenyewe silisemi vibaya. Wauza spea wa kweli wamo humo ndani, wengine nanunua kwao hadi leo. Huyu husimama nje ili awahi gari kabla halijawafikia.

Gari langu ni Toyota Premio ya 2002, injini 1ZZ ya cc 1800. Lilikuwa na mkwaruzo kama wa mtu anayesaga mahindi kwa jiwe, mkali zaidi asubuhi, na ukikanyaga mafuta unapanda pamoja na mizunguko ya injini. Jamaa akafungua boneti, akainamisha kichwa kidogo tu, akasema: "Mzee wangu, hii imekwisha. Imenoki. Ukifika nayo Masaka shukuru Mungu." Nilikuwa nimemsalimia kwa Kiswahili, na nadhani bei ilipandia hapo, maana mara moja alianza kuniuliza navuka mpaka lini. Msafiri hana muda wa kutafuta fundi wa pili, na akidhulumiwa harudi kudai. Yeye alishapiga hesabu hiyo zamani.

Sasa sikilizeni ujanja wa oili. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa chake, akanionyesha vumbi la chuma linalometameta. Linatisha, kwa sababu ni kweli kwamba beringi za ndani ya injini zikilika, chembe za chuma huonekana kwenye oili. Nikamwomba kijiti, nikakifuta kwa tishu yangu mwenyewe, nikakichovya tena na kukitoa. Oili nyeusi ya kawaida, hata chembe moja haimo. Vumbi lilikuwa la kitambaa. Hapo akageuza maneno, akaanza kunieleza kuhusu ringi za pistoni, kwamba 1ZZ za mwanzo zinajulikana kwa kula oili. Ni kweli zinajulikana hivyo. Ila kula oili ni jambo jingine kabisa na kelele, na ndiyo maana mtu huyu ni hatari: anachanganya ukweli nusu na uongo nusu, na asiyejua magari hawezi kuvitenganisha.

Nilipoondoka gari lilikuwa na kelele mbili. Bati la kukinga joto linalofunika manifoldi ya ekzosi, yaani mabomba yanayokusanya moshi unaotoka kwenye injini, lilikuwa limepoteza bolti moja, na tundu lake lilikuwa safi, halina kutu, yaani limefunguliwa muda si mrefu. Kijana wake alikuwa amesimama na spana upande ule wakati sisi tunabishana juu ya kijiti. Bati hilo likilegea hutetemeka na kupiga makelele hata mwenye gari akubali mwenyewe kwamba injini inakufa. Basi akiinama mtu mwingine yeyote chini ya boneti yako, simama naye.

Mzee mmoja wa gereji ya Ndeeba, kando ya Barabara ya Masaka, ndiye aliyemaliza kazi. Kwanza alinikatalia nisiseme lolote juu ya injini kunoki. Alitaka kusikia gari, si mimi. Akalegeza beliti, akaitoa, akawasha injini kwa sekunde chache. Kimya. Mkwaruzo wote ulikuwa umetoweka, umebaki mlio wa bati tu. Akazima.

Jaribio hilo lijueni, halina gharama. Kwenye injini kama yangu beliti moja ya nje huzungusha alteneta inayochaji betri, pampu ya maji na kompresa ya AC. Ukiitoa na kelele ikaisha, ugonjwa uko kwenye vitu hivyo vya nje au kwenye beliti yenyewe, na mtu anayekuuzia injini nzima anakuibia. Ikibaki vilevile, angalia kwingine. Taa ya betri itawaka, usishtuke, alteneta haizunguki. Lakini pampu ya maji pia haizunguki, kwa hiyo usizidishe dakika moja na usikanyage mafuta. Injini ikiwa ya moto, subiri ipoe. Na mwenye leso au mikono mirefu ya shati ajiweke mbali na pulei, yale magurudumu yanayopitiwa na beliti, kila injini inapowashwa.

Baada ya hapo mzee alizungusha kila pulei kwa mkono. Ya alteneta ilikwaruza na kuchezacheza. Akaifungua, akatoa beringi, akasoma namba iliyochongwa ubavuni mwake, akanituma nikanunue kwa namba hiyo. Bei ya beringi hata haistahili kutajwa karibu na milioni moja. Duka la kwanza waliniletea moja kwenye boksi lenye jina la kampuni ya Japani, mzee akapitisha kitambaa chenye petroli, herufi zikafutika zote. Ya duka la pili ndiyo ipo kwenye gari sasa.

Jirani yangu mwenye Toyota Ipsum hakuwa na mzee wa Ndeeba. Alilipa arbuni, akalipa na baki, akafungiwa injini. Haukupita muda mrefu ikaanza kutoa moshi wa bluu na kumaliza oili. Alipoulizia injini yake ya awali, ile iliyokuwa inapiga kelele tu lakini inatembea vizuri, akaambiwa imeshauzwa chuma chakavu. Dhana yangu ni kwamba sasa ipo ndani ya gari la mtu mwingine na inaitwa injini ya Japani. Baadaye jirani alitaka kuuza gari, mnunuzi akalinganisha namba ya injini na iliyo kwenye kadi ya gari, hazikufanana, akaondoka. Hilo la namba wengi hawalifikirii hadi siku ya kuuza.

Soko la uongo huu lipo kwa sababu wengi wetu tumeyang'ang'ania magari yetu. Tangu 2018 sheria ya Uganda imezuia kuingiza nchini gari lenye miaka 15 na zaidi, na yale mapya kidogo yanalipiwa kodi inayouma. Mtu mwenye Premio ya 2002 akiambiwa injini imekufa, anaona heri abadilishe injini kuliko kununua gari.

Kunoki kwenyewe kupo, nisije nikaonekana nasema kila kelele ni beringi ya nje. Kunakuwa kishindo kizito kutoka chini ya injini, kinazidi gari likipanda mlima au likiwa na mzigo, na hakijali kama beliti ipo au haipo. Fundi anayejua atachomoa koili za plagi moja baada ya nyingine, na silinda mbovu ikifikiwa kishindo hupungua. Taa ya oili ikiwaka pamoja na kishindo hicho, zima gari hapohapo, ita la kuvuta. Tiki-tiki ya asubuhi inayopotea injini ikipata moto mara nyingi ni gasketi ya manifoldi ya ekzosi inayovuja. Mlio mkali wa kuwasha gari msimu wa mvua, mwagia beliti maji kidogo: ukinyamaza kisha ukarudi, pulei hazijapangika sawa, ukizidi, beliti imelegea.

Spea yoyote inayotolewa kwenye gari lako ni mali yako, ichukue hata kama imekufa. Injini ikibadilishwa, dai karatasi za forodha na risiti yenye namba ya injini kabla ya kutoa hata shilingi. Waliokwisha kumtumia arbuni kwa simu wasifute ujumbe wa malipo: namba iliyopokea imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na polisi wa Old Kampala wataanzia hapo. Jirani yangu ameshafungua faili. Kama nawe ulilipa, nenda ukaongeze maelezo yako, kwa sababu mlalamikaji mmoja huambiwa hiyo ni biashara iliyokwenda vibaya, mkapatane.