Saa ya Kariakoo iliyoikuta ndizi na mapigo 78

Muuzaji wa Mtaa wa Aggrey aliniambia, "Mama, hii inapima moyo, presha, mpaka sukari." Nikatoa shilingi 45,000 kwa hiyo saa ya mkononi, huku najua kwenye sukari ananipiga fiksi. Nilichotaka ni moyo tu. Nina miaka 48, ni fundi cherehani, siku nzima nimekaa, na tangu Januari nakimbia asubuhi kwenye Daraja la Tanzanite.

Nianze na sifa zake. Nikiamka, kabla sijashuka kitandani, inasoma vizuri. Naiangalia, kisha naweka vidole viwili chini ya dole gumba, nahesabu nusu dakika, nazidisha mara mbili: tunapishana pigo moja, mawili. Januari nilikuwa na 84, sasa 72. Moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo ukitulia hauna haja ya kupiga harakaharaka. Hizo 12 nimezishusha kwa miguu yangu, lakini saa ndiyo iliyonitunzia hesabu. Na chaji inakaa siku tano.

Kasheshe ni kukimbia. Wiki ya pili, katikati ya daraja, kioo kikaandika 168. Kwa ile hesabu ya 220 toa umri, ambayo ni makadirio tu, kikomo changu ni kama 172. Nikaingiwa na hofu, nikashika ukingo wa daraja, nikajipima shingoni: mapigo 34 kwa sekunde 15, yaani 136. Na kweli nilikuwa nahema, ila maneno mawili matatu yalitoka. Kesho yake nikahesabu hatua zangu kwa dakika: 166. Kumbe saa ilikuwa inahesabu miguu! Vile vitaa vya kijani mgongoni mwake vinafuatilia damu inavyojaa na kupungua chini ya ngozi. Mkono ukitikisika na mkanda ukiwa umelegea, kishindo cha hatua kinageuka pigo la moyo. Nilipoisogeza juu ya kifundo cha mkono na kuikaza, uongo ulipungua, haukuisha.

Mwanangu wa kidato cha pili akaifunga kwenye ndizi mzuzu. Ikafikiri kidogo, ikatoa 78. Nilicheka mpaka sindano ikaniponyoka.

Siku za kutembea haina neno. Hata joto inaliona: nikichelewa kutoka mpaka saa tatu, mwendo uleule unaniongezea mapigo kama kumi, maana moyo unalisha misuli na wakati huohuo unapeleka damu kwenye ngozi kuupoza mwili.

Ila kipimo ninachokipenda zaidi sihitaji saa. Nikisimama tu nahesabu, nangoja dakika moja, nahesabu tena, nione moyo unatulia haraka kiasi gani. Mwanzoni nilitoka 140 nikashuka 128. Jumamosi iliyopita nimetoka 136 nikafika 108. Muda huo saa bado imeng'ang'ania 150, kama mtu aliyeachwa na daladala.

Anayetaka namba za uhakika akikimbia anunue mkanda wa kifuani, ule unaosoma umeme wa moyo wenyewe. Hii, kwa 45,000, nimepigwa. Ukiipata kwa 25,000 chukua, na ule ukurasa wa sukari usiufungue kabisa, hasa kama nyumbani kuna mgonjwa.