Kome wawili wa baharini: ukiwatazama kwa karibu ndipo utajua

Haya wadau, karibuni tena jikoni Mbeya. Mlioniomba kome, mzigo umeshuka na basi la Dar, boksi limejaa barafu. Sisi huku ni mbasa tu, samaki wa ziwani kutoka Kyela, kwa hiyo twende taratibu.

Mkono wa kulia ni Mytilus edulis, wa Atlantiki ya Kaskazini, mfuko wake umeandikwa kabisa. Kushoto, mfuko unasema kome wa Afrika Kusini, basi! Spishi hamna. Inanikera sana, maana hela tunalipa. Ila kule kome anayefugwa kwa wingi ni wa Mediterania, Mytilus galloprovincialis, Saldanha Bay wamejaa. Tuhakikishe.

Rangi ya gamba achaneni nayo, wote weusi wa bluu. Tazameni ncha hii, magamba yanapoungana. Huyu wa kushoto imechongoka, imepinda kwenda chini kama mdomo wa kasuku. Wa kulia ni butu. Sasa namfungua. Ukingo wa ngozi laini iliyozunguka nyama: kushoto zambarau, kulia hudhurungi. Usiondoke, bado! Natoa nyama yote, nafuta gamba kwa kitambaa, naliinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Mnaona kidoa hiki karibu na ncha? Hapo ulishika msuli mdogo wa kufungia gamba. Kwa edulis kinaonekana, kirefu. Kwa mwenzake kidogo mno, mpaka uinamishe tena na tena. Napenda sana hiki kitu!

Chaneli moja imewaambia umbo la gamba linatosha. Hapana jamani. Gamba hubadilika kufuata mawimbi na msongamano. Tena wakikutana, kama kusini magharibi mwa Uingereza, wanazaliana, na chotara wao atakuchanganya, hapo ni kipimo cha DNA. Mimi huyu wa kushoto namwita wa Mediterania kwa sababu alama zote tatu zimekubaliana na anakotoka.

Ladha? Asubuhi nilikuwa upande wa edulis. Baada ya kuwapika kwa tui na ndimu, nahamia kushoto, nyama imejaa. Ya machungwa ni jike, ya krimu dume, msitupe mkidhani imeoza.

Bei inauma, kwa hela hiyo soko la Mwanjelwa unabeba mbasa wa familia nzima. Jumamosi tuko mubashara, bonyeza kengele. Na muuzaji yeyote wa Mbeya mwenye kome walioandikwa spishi kwenye mfuko, niandikie hapo chini, nanunua.